Wa Arobaini na Nane

Mimi nimewahi kupiga kura ya urais wa Amerika. Kila ninapopata wasikilizaji nasema hivyo, na kila ninaposema mume wangu hukohoa, kwa hiyo acha nieleze vizuri kabla hajaanza: nilihesabiwa. Kupiga sikupiga. Lakini kwa muda wa dakika kumi hivi, ndani ya ukumbi mmoja wa Kenton, hapa London, taifa lile kubwa lilikuwa na mpiga kura mmoja zaidi ya lilivyostahili, na mpiga kura huyo alikuwa mimi, mzaliwa wa Changamwe, pwani ya Kenya, nimevaa koti la mvua na viatu vya kazi.

Wakati huo nilikuwa namtunza bibi mmoja Mmarekani katika mtaa wa Edmonton. Alikuja London kumfuata mume Mwingereza, zamani sana. Kwa anavyosimulia yeye, utadhani Mto Thames ulikuwa bado haujachimbwa. Mume akafariki, yeye akabaki na nyumba nyembamba ya matofali iliyobanwa na nyingine mia mfano wake, na pasipoti ya Amerika aliyoihifadhi ndani ya kopo la biskuti. Magoti yalikuwa yamemkataa. Ulimi ulikuwa haujamkataa hata kidogo. Siku ya kwanza aliniuliza mwanamke wa umri wake kwetu huitwaje.

"Bibi," nikamwambia.

Akalirudia neno hilo mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi. "Basi mimi ni Bibi. Na wewe utakuwa nani?"

"Mimi nitakuwa mwanao tu."

"Ninaye mmoja," akasema, "na ananitosha."

Huyo mmoja alikuwa binti yake, mwalimu wa hesabu, aliyekaa upande wa pili wa mji na kuja kila Jumapili. Alizaliwa hapa hapa London, lakini uraia wa mama yake alikuwa nao, na sheria ya jimbo lao huko Amerika inamruhusu mtoto wa namna hiyo kupiga kura kwa anwani ya mzazi. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wapiga kura wa shamba moja la mahindi ambalo binti alikuwa amelikanyaga labda mara tatu maishani.

Majira yale ya baridi shamba hilo lilitugombanisha nyumba nzima. Nasema lilitugombanisha kwa sababu na mimi nilikuwemo. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, miaka miwili ya siasa na jamii, Jumanne na Alhamisi baada ya zamu, nikisinzia kwenye dawati kwa heshima zote. Amerika tulipewa wiki mbili tu, na katika wiki hizo mbili mwalimu alitueleza uchaguzi wa mchujo: kwamba kabla vyama viwili vikubwa havijapigana, watu wa chama kimoja hupigana kwanza wao kwa wao kuamua nani apeperushe bendera. Nilielewa nusu. Nusu iliyobaki ilinikaa kichwani ikiniwasha, na Mungu akaniletea Bibi.

Maana jimbo la Bibi halikutumia karatasi wala sanduku. Watu walikusanyika ukumbini, wanaomtaka huyu wakasimama kona hii, wanaomtaka yule kona ile, wakahesabiwa. Kona isiyofikisha asilimia kumi na tano ya waliohudhuria inavunjwa, na watu wake wanaachwa wachague: wajiunge na wengine au waende nyumbani. Na mwaka ule chama kiliwaruhusu wenyeji wa jimbo hilo walioko ng'ambo nao wakutane huko huko waliko.

Bibi alimtaka mgombea mmoja mpole, mtu wa mambo yatengenezwe taratibu. Binti alimtaka mwingine, wa mambo yabomolewe leo hii yajengwe upya kesho asubuhi. Chama kimoja hicho hicho. Mimi nikawapa majina yangu, nikamwita wa kwanza Bwana Taratibu na wa pili Bwana Sasa Hivi.

"Mama," binti alisema Jumapili moja, kikombe mkononi, "unampa kura mtu anayeomba ruhusa kabla ya kupiga chafya."

"Na wewe unampa mtu anayewapigia watu chafya usoni."

"Watu wamechoka kungoja!"

"Mimi ndiye mwenye umri wa kuchoka kungoja, na sijachoka. Wewe umechokea wapi?"

Binti akaweka kikombe, akachukua koti, akaondoka na chai haijafika nusu. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ya pili. Wala ya tatu.

Bibi hakulia. Alichukua simu, akaanza kuwatafuta watu wa jimbo lake waliotawanyika Uingereza, mmoja mmoja, akiwaomba waje kwenye kona ya Bwana Taratibu. Alipiga simu mpaka sikio likawa jekundu kama pilipili. Nilipomuuliza kama anadhani mtu wake atashinda, alinicheka.

"Hatashinda popote. Nataka atajwe tu. Wakisoma matokeo ya London, nataka jina lake lisomwe, na binti yangu awe amesimama pale pale akisikia."

Siku ilipofika tukapanda teksi, kiti cha magurudumu kikiwa nyuma, hadi Kenton. Ukumbi wenyewe ni wa jamii, na mwisho wa wiki huwa ni wa harusi za Wahindi waliotoka Nairobi, Kampala na Dar. Harusi ya juzi yake ilikuwa bado haijaondoka vizuri: harufu ya bhajia ilikuwa imekolea kwenye mapazia, na jukwaani vilikuwapo viti viwili vya bibi na bwana harusi, vya rangi ya dhahabu, vikubwa kama vya kuapishia wafalme. Hakuna aliyethubutu kuvisogeza.

Nilikuwa naongea na mume wangu kwenye simu, namwambia kwa Kiswahili tumefika salama, mara mwanamume mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni akanigeukia kana kwamba nimemwita.

"Ala! Wapi huko, dada?"

"Changamwe. Na wewe, kaka?"

"Mimi Mpemba. Ndimi mwangalizi wa hapa." Akaniinamia. "Hebu nambie, hawa wamekuja kupiga kura au kucheza? Maana nimeuliza sanduku liko wapi, wananambia hakuna sanduku."

Nikamweleza habari ya kona kwa fahari yote ya mtu mwenye cheti. Akasikiliza, akatazama ukumbi, akatikisa kichwa.

"Viti mia na ishirini nimewapangia. Mgongo wangu wote umo katika viti hivi. Saa kumi hii, wako wangapi?"

Walikuwa arobaini na saba. Mwenyekiti wa mkutano, mwanamke mwenye sweta iliyofumwa mahindi kifuani, alikuwa amewaandikisha mlangoni mmoja mmoja.

"Arobaini na saba!" Mpemba akashangaa. "Kwetu siku ya kura mtu hufufuka kaburini akapange foleni."

"Kwetu pia wapo waliofufuka, kaka. Tena wengi. Ndiyo ikawa shida."

Akacheka mpaka funguo zikalia. Lakini jambo lile lilinishangaza kweli. Sote tunajua hapa London mtu akitaka kukusimulia siasa za Amerika hamalizi. Kwenye basi, kazini, kwa kinyozi, kila mtu ana rais wake. Leo wenyewe wanaoweza kuamua wameitwa, na viti vimejaa makoti. Nikamuuliza Bibi.

"Kura ya mwisho wa mwaka huja kila mtu," akasema. "Hii ya mchujo huja wenye hasira na wapweke."

"Na wewe ni yupi?"

"Mimi nimechelewa. Nisukume mbele."

Binti alikuwa ameshafika. Alimbusu mama yake shavuni haraka haraka, akaniuliza mimi habari za dawa za mama yake, kana kwamba mama mwenyewe hayupo, akaenda kona ya jikoni kwa watu wa Bwana Sasa Hivi. Walikuwa wengi, wana vibandiko na fulana za rangi moja. Chini ya saa ya ukutani wakasimama watu wa mgombea wa tatu, aliyekaa katikati ya wale wawili kimawazo. Huyo nilimwita Bwana Kati. Mlangoni wakasimama wanne wa mgombea wa nne, wanaonekana hata wenyewe hawana hakika. Kona ya dirisha, penye baridi ya kugandisha mate, ndipo palipokuwa pa Bibi na wazee wenzake.

Mwenyekiti akasimama baina ya vile viti vya harusi na kutangaza: waliohudhuria ni arobaini na saba, kwa hiyo kila kona inahitaji watu wanane ili iishi. Kona ikishatimia, watu wake hawaruhusiwi kuhama tena.

Akaanza kuhesabu kwa kupita na kugusa mabega. Jikoni: ishirini na mmoja. Chini ya saa: kumi na watano. Mlangoni: wanne. Akaja kwetu. Sasa, katika kazi yangu kuna jambo moja ambalo hufundishwa mpaka ulione ndotoni: mteja akiwa kwenye kiti, penye watu wengi, usiachie mpini. Hata ukuta ukianguka, unaanguka nao. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi, mikono miwili kwenye mpini, kama sanamu. Mwenyekiti akagusa bega la mzee wa kwanza, la wa pili, la wa tatu, akamgusa Bibi, akanigusa mimi. Nikatabasamu. Nilidhani ananisalimu.

"Wanane! Kona hii imetimia."

Bibi akapiga ngumi hewani. Wazee wakakumbatiana. Mimi nikapiga vigelegele, wallahi, mpaka watu wa jikoni wakageuka. Furaha ile sijaisahau. Bibi alimtazama binti yake ukumbi mzima ukiwa katikati yao, na binti akatazama chini, lakini niliona mdomo wake unajizuia kutabasamu.

Kisha mwenyekiti akajumlisha. Akajumlisha tena. Arobaini na nane.

Mimi nimeona watu wakigombana. Nimepanda basi la saa mbili asubuhi Edmonton siku ambayo treni hazifanyi kazi. Lakini sijaona watu wa chama kimoja wakigeukiana upesi namna ile. Watu wa chini ya saa wakasema kona ya jikoni imeingiza mtu mlango wa nyuma. Watu wa jikoni wakasema hiyo ndiyo kawaida ya wale wengine, hata uchaguzi uliopita walifanya hivyo hivyo. Mzee mmoja wa kona yetu akawaambia pande zote mbili zimeharibu chama. Mwanamke mmoja akalia, kweli, machozi. Na hawa wote, baada ya miezi michache, walitakiwa wasimame nyuma ya mtu mmoja!

"Sasa nimefika nyumbani," Mpemba akasema kwa raha, ameegemea mlango. Kisha akaanza kuhesabu. Nikamwona anatembeza kidole hewani, kona hadi kona. Kidole kikanifikia mimi, kikasimama.

"Dada," akaita kwa Kiswahili, sauti juu, "huyo wa arobaini na nane si ndiwe?"

Hakuna mwingine aliyeelewa. Watu arobaini na saba walikuwa wanamtafuta mwizi, na mwizi alikuwa ametajwa mbele yao waziwazi wakaendelea kufokeana.

"Nyamaza basi!" nikamjibu.

"Mie nimenyamaza. Muache bibi wa watu apate chake. Nani atajua?"

Sasa hapo ndipo penyewe. Nilipokuwa mtoto, kwetu serikali iliwahi kuamua watu wasipige kura ya karatasi; wapange mlolongo nyuma ya mgombea wao, wahesabiwe. Baba alinibeba begani kwenye uwanja wa shule. Mlolongo wetu ulikuwa mrefu, ulitoka golini ukazunguka choo ukarudi. Mimi huwa nasema ulifika mji wa pili, Mazeras. Ule mwingine ungeweza kuketi kwenye benchi moja. Afisa akapita, akaandika, akatangaza kwamba benchi limeshinda. Baba akageuka. Alitembea nami hadi nyumbani bila kunishusha, nami nilikuwa mzito. Hiyo ndiyo ilikuwa siasa yangu ya kwanza: kwamba watu wanaweza kuhesabiwa mbele ya macho yao wenyewe na hesabu ikatoka nyingine. Na leo mimi ndiye niliyekuwa hesabu nyingine.

"Anasema nini yule bwana?" Bibi akaniuliza.

Nikamwinamia, nikamwambia. Alitazama mikono yake, akazungusha pete. Mwenyekiti alikuwa anafuta ubao ili aanze upya. Kama ningejisogeza nyuma ya pazia kwa siri, kona ingekuwa na saba na ingevunjika. Kama ningebaki na tabasamu langu, pengine ningepita tena, na lawama ingekaa jikoni. Bibi alijua haya yote. Nilimwona akiyajua.

"Tia breki," akasema hatimaye.

Nikatia.

"Sasa nenda kasimame na rafiki yako."

Nikaachia mpini. Bibi akainua mkono.

"Mwenyekiti! Kona hii ina wapiga kura saba na Mkenya mmoja."

Kisha ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa binti yake. Mimi nikapita mbele ya taifa zima la Amerika hadi mlangoni, uso unawaka, Mpemba ananipigia makofi polepole.

Kicheko kilipokwisha, hesabu ilibaki pale pale. Saba. Mwenyekiti akatoa robo saa ya watu kujipanga upya. Wale saba wa dirishani na wale wanne wa mlangoni ndio pekee waliokuwa huru. Ikiwa mmoja katika wanne atakwenda kwa Bibi, kona itaishi. Bibi akaanza kuwaita. Aliwaeleza habari za Bwana Taratibu kwa dakika tano nzima, vizuri, bila kumtukana mtu. Wanne wakasikiliza kwa adabu, hakuna aliyeondoa mguu. Wakati huo huo watu wa chini ya saa walishakuja dirishani kuwabembeleza wazee: njooni kwetu, sisi ni karibu nanyi kimawazo, kwa nini mkagande huku? Mzee mmoja akaanza kuvaa skafu.

"Bibi anakwisha," nikasema.

"Ngoja," Mpemba akasema. "Mtazame binti."

Binti hakuruhusiwa kuhama, lakini kusema aliruhusiwa. Alikuja moja kwa moja kwa wale wanne, akasimama hatua mbili tu kutoka kwetu, akamwambia mwanamke mmoja aliyeshika kofia ya baiskeli, "Nakuomba nenda kwa mama yangu."

"Mimi? Kwani wewe uko naye?"

"Sikubaliani naye hata kwa neno moja. Nenda."

Mwanamke akamtazama, akamtazama Bibi aliyejikunja dirishani, akavuka. Watu wa chini ya saa wakapiga kelele kwamba huo ni mchezo mchafu, lakini kanuni haikuwa upande wao. Mwenyekiti akahesabu upya, safari hii akaniangalia kwanza niko wapi. Wanane. Wale watatu wa mlangoni wakachukua makoti yao, naye akapanda jukwaani akasoma matokeo, na jina la Bwana Taratibu likasomwa, la mwisho kabisa, na Bibi akalisikiliza ameinua kidevu.

Mpemba alikuwa bado anahesabu kwa vidole. "Dada, wewe umesoma. Wale wazee saba wangekwenda wapi?"

"Kwa Bwana Kati. Ndiye wa karibu nao."

"Kumi na tano na saba?"

"Ishirini na wawili."

"Na jikoni wako wangapi?"

Ishirini na mmoja. Nikamtazama yule mwalimu wa hesabu akikunja bango lake. Mpemba akafurahi kama aliyeokota dhahabu. "Hakumpa mama yake mtu, huyo. Kawanyima wale wa chini ya saa ushindi. Mwanasiasa wa haki!"

Inawezekana. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu, na nilisikia sauti yake aliposema "mama yangu", na hesabu haisemwi kwa sauti ile. Au husemwa? Hadi leo najiuliza. Nje, tulipokuwa tunakunja kiti kukiingiza kwenye teksi, nilijitia ujasiri nikamuuliza alifanya vile kwa sababu ya kura au kwa sababu ya mama.

"Umeiona ile kona waliyompa?" akanijibu. "Ya dirishani, na baridi hii? Hakuna hata aliyemfunika miguu." Akavua skafu yake, akaingia nyuma na mama yake badala ya kwenda kituo cha treni. Kutoka Kenton hadi Edmonton walibishana juu ya kodi, juu ya bima ya matibabu, juu ya kama Bwana Sasa Hivi anajua kutabasamu. Dereva aliongeza sauti ya redio mara tatu.

Bwana Taratibu alijitoa baada ya wiki chache. Tulisikia asubuhi, nikipaka siagi kwenye mkate. Bibi akaweka kijiko, akaagiza nimletee simu.

"Nimekupigia mimi," akamwambia binti yake, "ili usije ukanipigia wewe."

Upande wa pili ukajibu: "Pole, Mama."

"Pole ya nini? Alitajwa. Sasa Jumapili njoo unishawishi. Niko huru."

Jumapili binti akaja na karatasi sita za sera za Bwana Sasa Hivi. Bibi hakutaka kuzisoma mwenyewe, akasema macho yanamuuma. Nikapewa mimi nisome kwa sauti, nimeketi katikati yao. Sikumaliza hata ukurasa wa kwanza. Kila sentensi Bibi aliinua kidole, binti akajibu, supu ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena.